Hotuba kwa watu tusio na bahari: mwani, matumbawe na kaboni wanayogawana

Mbukwenyi! Haya, nimewasikia, asanteni. Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu, na nyie wadogo zangu mliojipanga kule karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona.

(Ndugu msomaji, haya niliyaongea hapa Dodoma mjini mbele ya wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, watu wakaniomba maandishi, basi nimeandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni, nimeruka tu pale maiki ilipokuwa inakata kata.)

Najua kuna mtu hapa anajiuliza huyu mwalimu kachanganyikiwa au vipi, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana vumbi jioni upepo, yeye anatuletea habari za matumbawe. Mi nasema hivi, bajeti ya hiyo bahari inapitishwa wapi kama sio hapa hapa Dodoma? Wizara zenyewe zipo pale Mtumba, wabunge wa Mafia na Pemba wanakuja kulala kwetu, sheria za hifadhi za bahari zinapigiwa kura bungeni mtaa wa pili tu kutoka hapa. Na kuna sababu nyingine ya maji, hiyo nitaifikia baadae.

Alafu jambo lingine, siku hizi ukitaja kaboni tu vijijini watu wanakaa vizuri kwenye viti manake wamesikia biashara ya hewa ukaa, wamesikia kule Katavi vijiji vinapata hela kwa kutunza msitu, kwahiyo kaboni imeshakuwa neno la pesa. Safi. Leo nataka niwaonyeshe biashara ya kaboni iliyoanza zamani sana kabla hajazaliwa mtu yeyote, ile familia ya mwani nitakayoitaja inakadiriwa kuanza miaka kama milioni 160 iliyopita, yaani walikuwepo wakati yule mjusi mkubwa wa Tendaguru kule Lindi anatembea, yule ambae mifupa yake Wajerumani walibeba mpaka leo ipo Berlin.

Tuanze na hili jiwe. Lipitisheni taratibu, msiangushe. Nilipewa na fundi mmoja Unguja aliyekuwa anabomoa ukuta wa zamani, kwahiyo hakuna mtu aliyekwenda kung'oa kitu baharini, hilo ni tumbawe lililokufa maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita likageuka mwamba, wenzetu wa visiwani wamejengea nyumba. Mwenye simu yenye kamera nzuri avute karibu. Mnaona hivyo vishimo vidogo vidogo? Kila kishimo kina upana wa milimita chache tu, na ukiangalia ndani kuna kuta nyembamba nyembamba zinatoka pembeni zinaelekea katikati. Kila kishimo kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja, anaitwa polipu. Ndio, mnyama, sio mmea na wala sio jiwe, ana mdomo, ana tumbo, ana mikono midogo imezunguka mdomo, usiku anaitoa nje anakamata vidudu vinavyoelea kwenye maji. Jiwe ni mifupa tu aliyoijenga chini yake.

Sasa nakwangua hapa kidogo upate unga, alafu nadondoshea ndimu. Sogeeni wale wa mbele. Mnaona mapovu? Hiyo ni hewa ukaa inatoka, ndo kaboni yenyewe hiyo. Mnyama aliifungia humo ndani pamoja na kalsiamu, ikakaa kimya miaka yote hiyo, leo asidi ya ndimu imeifungulia hapa ukumbini. Shikeni hilo la asidi, litarudi.

Swali ni kwamba hiyo kaboni polipu aliipataje, na nguvu za kujenga jiwe alitoa wapi, manake kujenga kunataka chakula. Na maji ya bahari ya tropiki pale kwenye matumbawe ni masafi mno, yanang'aa, watalii wanayapenda, lakini usafi huo maana yake hamna virutubisho, ni njaa tupu. Ni sawa na kukuta mji mzima umejaa watu mahali ambapo hakuna shamba. Miamba ya matumbawe haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari dunia nzima, na inakadiriwa robo ya aina za viumbe wa baharini wanaishi hapo au wanaitegemea kwa kipindi fulani cha maisha. Wanakula nini?

Jibu lipo ndani ya ngozi ya polipu. Ukikata kipande chembamba cha nyama yake ukaweka chini ya hadubini unakuta seli za rangi ya kahawia zimejaa, ni mwani. Na hapa mama mmoja aliuliza kama ni ule mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani wakauza kwenye sabuni, hapana mama, ule ni mkubwa unaota kwenye kamba, huu ni wa seli moja moja, mia moja ukizipanga mstari ndo zinakaribia milimita 1. Ila wingi wake sasa! Sentimita 1 ya mraba ya ngozi ya tumbawe inaweza kuwa na seli zaidi ya milioni 1. Mjerumani Karl Brandt ndo aliwapa jina la zuzanteli mwaka 1881, siku hizi wanasayansi wanawaweka kwenye familia ya Symbiodiniaceae na mwaka 2018 wakaigawa upya katika makundi makubwa kadhaa, kuna Cladocopium, kuna Durusdinium, na mengine. Msikariri, ila hayo mawili yatakuja tena.

Mwani unaingiaje humo? Matumbawe mengi mtoto anazaliwa hana kitu, anaelea, anaokota mwani kutoka kwenye maji, anameza na badala ya kusaga anauhifadhi. Mengine mama anampa mtoto tangu kwenye yai. Baada ya hapo mwani unakaa ndani ya seli ya mnyama, na umezungushiwa utando ambao ni mali ya mnyama. Yaani kila kinachoingia na kila kinachotoka kinapita kwenye mlango wa mwenyeji. Hili watu wengi wanaliruka, wanaongea tu habari za urafiki, urafiki, mi naona mlango huo ndo habari yote.

Haya, sasa kaboni. Maji ya bahari yana kaboni nyingi iliyoyeyuka, shida ni umbo lake. Karibu asilimia 90 ni baikaboneti, hewa ukaa iliyo huru haifiki hata asilimia 1. Na enzaimu ya mwani inayokamata kaboni ili itengeneze sukari, wanafunzi wa baiolojia mnaijua, rubisko, haitaki baikaboneti, inataka hewa ukaa, tena rubisko ya mwani huu ni ya aina dhaifu kidogo, oksijeni ikiwa nyingi inajichanganya inakamata oksijeni badala ya kaboni. Kwahiyo mwani ungeachwa hivi hivi ndani ya mnyama ungekaa na jua lote na usifanye la maana. Hapa mnyama anafanya kazi ambayo ilionyeshwa vizuri mwaka 2015 na watafiti waliopima asidi ndani ya ule utando: anasukuma protoni, yaani chembe zinazoleta asidi, ndani yake mpaka pH, kile kipimo ambacho kikishuka asidi imezidi, inashuka kufika karibu 4. Wakati maji ya bahari nje ni kama 8! Asidi. Na asidi inafanya nini baikaboneti? Si mmeona ndimu? Inaigeuza hewa ukaa. Kuna na enzaimu nyingine, kaboniki anhidrezi, inaharakisha hilo zoezi. Juu yake unaongeza hewa ukaa ya pumzi ya mnyama mwenyewe, manake na yeye anapumua, haitupi nje yote, inaishia kwa mwani.

Basi jua likiwaka mwani unatengeneza sukari na mafuta, na unatoa. Unatoa kiasi gani? Mwaka 1984 Paul Falkowski na wenzake walichapisha hesabu ya tumbawe moja la Bahari ya Shamu, Stylophora pistillata, lile linalokaa kwenye mwanga mkali, na wakakuta zaidi ya asilimia 90 ya kaboni iliyokamatwa na mwani inaenda kwa mnyama. Asilimia 90! Mwani unabaki na kipande kidogo cha kuishi nacho. Tumbawe la aina hiyo hiyo likikaa kivulini mwani wake unapata kidogo, mnyama anapewa kidogo, inabidi akamate vidudu zaidi.

Mzee mmoja akacheka akasema huo sio ushirika huo ni unyonyaji. Mzee wangu, ngoja nikuulize wewe mfugaji. Ng'ombe anakupa maziwa kwa mapenzi? Unamlisha, unamnywesha, unamlinda na fisi, na wakati wa kukamua ndama unamfanyaje? Unamfunga pembeni. Ukimwachia ndama anyonye atakavyo hata kikombe hupati. Tumbawe ni mfugaji, mwani ndo ng'ombe wake, na ndama kwenye hesabu hii ni kujigawa kwa seli. Seli ya mwani ikitaka kujigawa iwe mbili inahitaji kaboni, ndio, lakini inahitaji na naitrojeni ya kutengeneza protini. Naitrojeni ikikosekana haiwezi kujigawa, ila jua halijaacha kuwaka na sukari inaendelea kutengenezwa, sasa itaenda wapi? Inatoka nje, kwa mnyama. Kwahiyo mfugaji huyu siri yake ni kumbania naitrojeni.

Anambania vipi wakati yeye mwenyewe uchafu wake ni amonia, ambayo ni naitrojeni tayari kwa mwani kula? Hapa ndo pananifurahisha mimi. Mnyama akipata sukari nyingi anaitumia kama kiunzi cha kaboni cha kuishikizia ile amonia, anaigeuza amino asidi, yaani matofali ya protini, zake mwenyewe kabla mwani haujaiona. Sukari zaidi, amonia inafutwa zaidi, mwani unabaki na njaa zaidi ya naitrojeni, unaachia sukari zaidi. Duara linajizungusha lenyewe hakuna polisi. Mradi sukari inaingia, mfumo unakaa.

Wala msidhani watu waliligundua hili kirahisi. Kulikuwa na safari kubwa ya Waingereza kwenda Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe kule Australia, 1928 mpaka 1929, kiongozi wake Maurice Yonge, walikaa kwenye kisiwa kidogo cha Low Isles karibu mwaka mzima, wakapima, wakakuta tumbawe lina enzaimu za kusaga nyama na linakamata vidudu kwa bidii, Yonge akatoka pale anaamini chakula cha tumbawe ni vidudu na mwani kazi yake ni kusafisha uchafu. Kwa vifaa vya wakati ule ni jibu la maana kabisa, unaonaje sukari inayotoka seli hii kwenda seli ya jirani? Huwezi. Ilibidi ipatikane kaboni 14, ile yenye mionzi ambayo unaweza kuifuatilia. Mwaka 1958 watafiti Leonard Muscatine na Cadet Hand wakaiweka kwenye maji ya kiumbe jirani wa tumbawe, anemoni wa baharini mwenye mwani, wakaona kaboni inaanza kwenye mwani, baada ya muda ipo kwenye nyama ya mnyama. Mwisho wa ubishi. Au tuseme mwanzo wa ubishi mwingine.

Manake Muscatine hakuishia hapo, 1967 akafanya jaribio ambalo mi nalipenda kuliko yote. Alitoa mwani kwenye tumbawe akauweka peke yake kwenye chupa, na jua lipo. Unatengeneza sukari kama kawaida lakini hautoi, inavuja kidogo tu. Alafu akamwagia supu ya nyama ya tumbawe iliyosagwa. Mwani ukaanza kumwaga nje gliseroli, kitu kitamu kinachokaribiana na sukari. Kuna kitu kwenye nyama ya mwenyeji kinafungua bomba! Wanasayansi wamekitafuta hicho kitu miaka na miaka wakigombana ni amino asidi, ni nini. Na hata hiyo gliseroli sio mwisho wa habari, baadae imeonekana kinachovuka kwa wingi mwani ukiwa ndani ya mnyama ni glukosi, sukari ile ile iliyo kwenye damu yako hapo ulipokaa.

Sasa mnyama kapata sukari, anaifanyia nini. Nyingi anaichoma tu kwa kupumua, anapata nguvu. Nguvu hizo zinajenga jiwe. Miaka ya mwisho ya 1950 mtafiti Thomas Goreau alikuwa anapima matumbawe ya Jamaica akakuta mchana yanajenga chokaa haraka mara kadhaa kuliko gizani, na ukitoa mwani kasi inaanguka. Na ile hewa ukaa ya pumzi? Kwa Stylophora yule yule wamepima wakakuta kaboni kama asilimia 70 hadi 75 ya jiwe imetokana na pumzi ya mnyama, iliyobaki ndo imechukuliwa moja kwa moja kwenye maji. Kwahiyo hayo mapovu mliyoyaona, kuna uwezekano mkubwa sehemu yake ilishawahi kuwa sukari ya mwani, ikapumuliwa, ikafungwa kwenye ukuta wa kishimo.

Ila jamani sukari tupu sio lishe. Mtoto ukimpa soda asubuhi mchana jioni si mnajua. Kaboni nyingi, naitrojeni na fosforasi hamna, ndo maana polipu usiku bado anatoa mikono anavua. Na kile kinachozidi anakitoa nje kama ute. Watafiti kwenye kisiwa cha Heron, Australia, waliandika 2004 kwamba matumbawe ya pale yanaweza kutoa kama ute mpaka nusu ya kaboni iliyokamatwa na mwani. Nusu! Unaweza kusema ni hasara kubwa hiyo. Lakini ute unanasa vumbi vumbi la chakula linaloelea, unazama nalo kwenye mchanga, bakteria wanakula, wadudu wa mchangani wanakula bakteria. Sehemu inayoyeyuka kwenye maji inachukuliwa na sponji, wanyama wanaochuja maji, waliojificha kwenye mapango ya mwamba, wanaitumia, wanabwaga seli zao zilizochakaa kila saa, na hizo seli ndo chakula cha konokono, minyoo na kaa. Hilo la sponji lilichapishwa 2013 kutoka Curaçao, kisiwa cha Karibi. Ndo hivyo mji usio na shamba unavyokula. Sukari inapita mikono mingi kabla haijawa pono kwenye sahani pale feri.

Na mwani mwingine upo, ule wa majani unaoota juu ya mwamba, huo haupo kwenye mkataba huu wa tumbawe na mwani wake wa ndani. Nao unakamata kaboni, nao unatoa sukari kwenye maji, lakini sukari yake inanenepesha bakteria wanaomaliza oksijeni pembeni pembeni ya tumbawe, tumbawe linakabwa polepole, mwani unapata nafasi ya kuota. Wanaouzuia ni samaki wala majani, pono, tasi, kangaja. Ukivua hao ukamaliza, au ukapiga baruti kama ilivyofanyika miaka mingi kwenye pwani yetu, umeondoa wapalizi.

Sasa joto. Hapa ndo nilipotaka kufika manake watu wanaona picha za matumbawe meupe wanadhani tatizo linaanza pale yanapokuwa meupe.

Maji yakizidi joto la kawaida la kipindi cha juu cha mwaka kwa nyuzi 1 tu, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linaanza kuhangaika. Nyuzi 1! Sisi hapa tofauti ya asubuhi na saa nane mchana ni zaidi ya kumi na tunaishi. Joto linaongeza mahitaji ya mnyama, anachoma zaidi, sukari haitoshi, anaanza kuchoma protini zake. Ukichoma protini kinachobaki ni nini? Amonia. Ile amonia aliyokuwa anaifuta sasa inazagaa na yeye hana sukari ya kuishikizia. Mwani unaiona, na mwani haukuwa na shida nyingine duniani zaidi ya naitrojeni. Ndama kafunguliwa. Unaanza kujigawa, kaboni inabaki kwao. Mnyama anapata kidogo zaidi, anachoma protini zaidi, amonia inaongezeka, yaani lile duara zuri nililowaambia linazunguka kinyumenyume. Hilo lilionyeshwa wazi mwaka 2021 na Nils Rädecker na wenzake, na la kushtua ni kwamba walikuta linatokea kabla mwani haujatoka, tumbawe bado lina rangi yake nzuri ya kahawia, mtalii anapiga picha, mnyama ndani ana njaa.

Weupe ni hatua ya mbele huko. Mitambo ya mwani ya kukamata jua inaharibiwa na joto, inazalisha oksijeni kali zenye sumu, mnyama anautoa mwani au unakufa humo, na kwa kuwa nyama yake ni kama kioo unaona mifupa. Bado yuko hai! Hajafa. Maji yakipoa mapema anaweza kupata mwani tena. Yakichelewa, ana akiba ya mafuta, anakamata vidudu, alafu akiba inaisha. Wamarekani wa NOAA, shirika lao la bahari na hali ya hewa, wanahesabu nyuzi za joto zilizozidi kila wiki, wanajumlisha wiki kwa wiki, hesabu ikifika 4 wanategemea weupe, ikifika 8 wanategemea vifo.

Wazee mnaikumbuka Elnino ya 1997 kwenda 1998, mvua zile, barabara zilivyokatika. Elnino hiyo hiyo mwaka 1998 iliunguza matumbawe sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, Mafia ilipigwa vibaya, dunia nzima inakadiriwa asilimia 16 ya matumbawe yalikufa mwaka ule. Weupe wa dunia nzima ukarudi 2010, ukarudi 2014 mpaka 2017, na Aprili 2024 ukatangazwa wa nne.

Kijana mmoja mkali kweli akauliza kwanini tumbawe lisichukue mwani unaostahimili joto. Linachukua! Ndo ile Durusdinium, ikikaa humo tumbawe linaweza kuvumilia nyuzi kama 1 hadi 1.5 zaidi. Lakini ni ng'ombe mgumu asiye na maziwa. Watoto wa tumbawe la Acropora waliowekewa mwani wa aina ya Cladocopium walikua haraka mara 2 mpaka 3 kuliko waliowekewa huo wa kustahimili. Kwahiyo unachagua, uishi mwaka wa joto ukiwa mdogo, au ukue haraka uombe Mungu joto lisije. Mi sioni kama hilo ni suluhisho, ni kununua muda, na muda nao una thamani yake sawa.

Sasa yale maji niliyowaahidi. Mvua inayonyesha hapa kwetu inaenda wapi? Upande wa Kondoa mto Bubu unamwaga Bahi na pale Bahi ndo mwisho, tope la Kondoa halijawahi kuona bahari. Lakini maji ya Hombolo ni ya mto Kinyasungwe, na Kinyasungwe ndo huo unaoisumbua reli ya kati kule Gulwe, unateremka Kilosa, unaingia Wami, Wami unatoka baharini pale Saadani. Kusini yetu mto Kizigo unaingia Ruaha Mkuu, Mtera, Kidatu, Rufiji, na mbele ya mdomo wa Rufiji kuna nini? Mafia. Tope likifika lina mambo mawili, linaziba jua, na mwani bila jua hauna sukari ya kugawa, alafu linabeba mbolea. Na mbolea ni naitrojeni. Baada ya yote niliyosema nadhani hamhitaji niwaeleze naitrojeni ikizidi kwenye maji ya tumbawe inafanya nini kwa ule mkataba.

Nisiwadanganye lakini, sio kila chembe ya urea ya Mpwapwa inafika Saadani, njia ni ndefu, mabwawa yanazuia, mbuga zinakunywa. Majitaka ya miji ya pwani yenyewe yanayomwagwa karibu na mwamba ndo yana haraka zaidi. Ila mkulima anaelima mpaka ukingoni mwa mto, na anaekata mti wa mwisho mlimani kule Mpwapwa, anakosa udongo wake yeye kwanza. Joto hatuwezi kulizima tukiwa Dodoma. Naitrojeni na tope tunaweza kuvishika, na tumbawe lisilozidiwa na hivyo lina nafasi nzuri zaidi joto likija, manake duara lake la sukari bado limekaza.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana wa bodaboda aliyeingia katikati, akasema mwalimu sawa, sasa hayo matumbawe kaboni yake inauzwa shilingi ngapi kwa tani? Watu wakacheka ila swali ni zuri kuliko anavyojua. Jibu ni kwamba haiuziki, kwa sababu tumbawe likijenga jiwe linachukua baikaboneti mbili, moja inaingia kwenye jiwe, nyingine inageuka hewa ukaa, na kwenye maji ya bahari kwa kila sehemu 1 ya kaboni inayofungwa kwenye chokaa kama 0.6 inaachiwa. Na ile sukari yote tuliyoisifia leo karibu yote inaliwa na kupumuliwa hapo hapo kwenye mwamba, hakuna ghala. Kwahiyo tumbawe halipunguzi hewa ukaa ya dunia, ni mji unaozungusha kaboni, unazuia mawimbi, unalisha wavuvi, thamani yake ipo huko. Anaetaka kuuza kaboni ya pwani aende kwenye mikoko, tope lake ndo linahifadhi, na msitu mkubwa wa mikoko upo delta ya Rufiji, inayopata maji yaliyopita Mtera, kwahiyo hata kwenye biashara hiyo bado itabidi ukae chini na mkulima wa mpunga wa Pawaga mkubaliane maji.

Haya, maiki ipelekwe kule nyuma, kuna mama kanyoosha mkono muda mrefu.